Chakula cha Mgeni na Chakula cha Kila Siku

Hotuba iliyotolewa mbele ya ukoo uliokutana Samail



Mimi si daktari. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusoma taarifa na kuzieleza kwa lugha nyepesi. Kazi hiyo ndiyo nitakayoifanya leo, juu ya chakula tunachokula majumbani mwetu.

Sababu ya kulichagua jambo hili mnaijua. Ni vigumu kuipata nyumba katika ukoo wetu isiyo na mtu mwenye maradhi ya sukari. Wapo jamaa zetu waliokatwa vidole vya miguu, waliopungukiwa na nuru ya macho, na wanaokwenda hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa kuwa mafigo yameshindwa kazi. Anayeshika daftari la mfuko wetu wa kusaidiana anajua ni kiasi gani cha michango yetu huishia huko. Wala si sisi peke yetu. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Oman mwaka 1991 ulikuta kiasi cha watu wazima 10 katika kila 100 wana maradhi haya. Ule wa mwaka 2017 ulikuta zaidi ya 15.

Baadhi yetu husema kwamba haya ni ya kurithi, basi hatuna la kufanya. Ni kweli kwamba mwenye mzazi au ndugu mgonjwa yumo hatarini zaidi kuliko mwengine. Lakini damu ya watu haibadiliki kwa miaka 26. Kilichobadilika ni sinia na miguu.

Litazameni bonde hili la Samail. Tende zake za fardhi zilisafirishwa kupitia Maskati na kuuzwa mpaka Marekani tangu karne ya 19. Mkulima aliyezitunza alipanda mtende kwa kamba, akasafisha mfereji wa falaji kwa mikono yake, kisha akafuata wanyama wake kwa miguu mpaka pwani. Ilipofika mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na kiasi cha kilomita 10 tu za barabara ya lami. Kwa mtu kama huyo, konzi ya tende na kahawa isiyotiwa sukari ilikuwa chakula cha safari kilichomstahiki. Wali kwa nyama ulikuwa wa Idi, wa harusi na wa mgeni. Wazee wetu waliovuka bahari waliikuta Unguja ina desturi kama hiyo: siku za kawaida ni muhogo, ndizi mbichi, viazi vikuu, kunde, mchicha na samaki; pilau na halua zilisubiri sherehe.

Sisi tuliokuja hapa tukiwa watu wazima tulifunguliwa milango ya riziki, tukafanya jambo ambalo mwanaadamu yeyote angelifanya: tulitaka kila siku iwe Idi. Mchana biriani, usiku mandazi na chai ya maziwa, baina yake halua na soda, na gari mlangoni. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumelikirimu tumbo kama mgeni kwa miaka arobaini, wala jembe hatujalikabidhi.

Natutazame hesabu ya sukari peke yake. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari tunayotia katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu katika chakula chake. Kwa mtu mzima hiyo ni kiasi cha gramu 50 kwa siku, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Kijiko cha chai cha sukari ni kiasi cha gramu 4. Anayekunywa vikombe vitano vya chai, na kila kimoja vijiko vitatu, amekwisha kula gramu 60 kabla hajagusa kitu chengine. Kopo la soda lina gramu 35 hivi.

Serikali imefanya sehemu yake. Tangu mwaka 1996 unga wa ngano hapa Oman hutiwa madini ya chuma na asidi ya foliki, ili kupunguza upungufu wa damu na kasoro za watoto wanaozaliwa. Juni 2019 soda zikatozwa kodi maalumu ya asilimia 50, na mwaka 2020 vinywaji vyengine vyenye sukari vikafuatia. Lakini hakuna waziri anayeingia jikoni kwetu. Huko sisi wenyewe ndio watawala, na hapo napenda kuleta mapendekezo matano.

Kwanza, tusiliache sinia, bali tulipange upya. Nusu yake iwe mboga: mchicha, bamia, biringani, boga, figili na kachumbari. Robo iwe wali au muhogo, na robo samaki, kuku, dengu, choroko au mbaazi. Nguru wa kuchoma hapungui utamu kwa kukosa samli. Walioko Ulaya watumie mboga za barafu na maharage ya kopo yaliyosuuzwa chumvi. Ni rahisi na yana faida ile ile. Tahadhari moja: takriban robo ya wanaume wa Oman wana ile kasoro ya damu ya kurithi inayodhuriwa na ful, basi mtoto aliyeambiwa hivyo na daktari asipewe ful kabisa.

Pili, sukari ya chai ipunguzwe nusu kijiko kila baada ya wiki chache. Ulimi huzoea. Sukari iwekwe kando, mgeni ajitilie mwenyewe. Zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari. Basi penye kahawa zitoshe tende tatu, na penye tende halua isubiri siku nyengine. Katika meza ya watoto pawekwe maji. Na haya yasiwe mzigo wa kina mama peke yao, maana makatoni ya soda aghalabu hununuliwa na sisi wanaume.

Tatu, tutembee. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulichukua watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda. Waliofundishwa kula kwa kiasi, kutembea dakika 150 kwa wiki na kupunguza asilimia 7 ya uzito wao walipungukiwa na hatari ya kuugua kwa asilimia 58, kuliko wale walioachwa bila ya mafunzo hayo wala dawa. Kwa mwenye kilo 80 hizo hazifiki hata kilo sita.

Nne, tupimwe. Maradhi haya huingia kimya kimya, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila ya kujua. Walioko England wenye umri wa miaka 40 hadi 74, ambao hawajaugua, huitwa kupimwa bure kila miaka mitano; barua hiyo isitupwe. Walio na dawa wasiziache kwa ajili ya majani wala mbegu za kienyeji, na kabla ya kufunga Ramadhani wamwone daktari.

Tano, nalo naliona ndilo zito zaidi. Kwetu chakula ni mapenzi. Kulikataa tonge la shangazi ni kama kuikataa salamu yake. Tunapokaa kwenye sinia moja hakuna ajuaye amekula kiasi gani, na anayeinua mkono mapema huambiwa, "Hujala, ami, ongeza," na minofu husukumwa upande wake. Mgonjwa huona haya, akaongeza. Nimewaona wazee wakila kwa adabu kile walichokatazwa, kisha usiku wakahangaika peke yao. Naomba basi tukubaliane leo hii kwamba katika nyumba zetu zote, Samail mpaka London, anayesema "nimetosheka, ahsante" aachwe kwa heshima, asibembelezwe mara ya pili.

Halua haitakufa. Tutaila kwenye harusi za wajukuu zetu, inshallah, na itakuwa tamu zaidi kwa kuwa tuliisubiri. Ninachotaka ni kwamba babu na bibi wa wajukuu hao wawepo siku hiyo, wakiwa na macho ya kumwona bibi harusi na miguu ya kuwafikisha ukumbini.

Naomba Kamati iyaweke mapendekezo haya mbele ya mkutano.