Mwalimu, Mjue Mwanakisomo Wako Mapema

(Mazungumzo kwa walimu wa kujitolea na wanakisomo wa madarasa ya kujiendeleza)



Leo tunataka tuzungumze juu ya wiki mbili za kwanza za darasa. Kwa nini wiki mbili za kwanza? Kwa sababu ndizo zinazotupotezea watu. Mtoto akitoroka shule, mzazi atamrudisha. Mtu mzima hana wa kumrudisha. Akiona anapotezewa wakati, au akiaibika mbele ya wenzake, haji kulalamika. Anakaa nyumbani tu. Ukimwuliza, atasema shamba limembana. Huenda ni kweli, na huenda si shamba hata kidogo. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumpata tena, maana ameondoka akiamini kwamba kichwa chake ndicho kibovu.

Basi kazi ya kwanza ya mwalimu si kufungua kitabu. Kazi ya kwanza ni kujua mambo matatu juu ya kila mwanakisomo: anajua nini tayari, amefuata nini darasani, na kitu gani kinamzuia.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza, kwa msaada wa UNESCO. Vitabu viliandikwa kufuata kazi za watu: pamba, ndizi, uvuvi, ufugaji na mengineyo. Wazo lilikuwa kwamba mvuvi asome habari za samaki, na mkulima wa pamba asome habari za pamba. Lilikuwa wazo zuri. Lakini kitabu cha pamba kinawajua wakulima wa pamba kwa jumla. Hakimjui mama huyu aliyekaa mbele yako leo. Kumjua yeye ni kazi yako wewe mwalimu.

Halafu kuanzia mwaka 1975 yalifanyika majaribio ya taifa ya kisomo, na watu wakapangwa katika hatua nne. Majaribio yale yalionyesha mtu amefika wapi. Lakini mwalimu anayengoja jaribio la mwisho ndipo ajue nani hakuelewa, amechelewa. Ni sawa na kupalilia wakati wa mavuno.

Sasa tutazame mambo hayo matatu.

KWANZA: ANAJUA NINI TAYARI?

Hakuna mtu mzima anayekuja darasani mtupu. Muuza dagaa hujumlisha na kutoa kichwani, tena upesi kuliko mwalimu. Kitu asichojua ni kuandika hesabu hiyo. Ukimwanzisha na "moja ongeza moja", umemtukana. Mwanzishe na bei za dagaa zake, kisha mwonyeshe namna ya kuziweka kwenye karatasi.

Kwa upande mwingine, wapo wanaoonekana wanajua kumbe bado. Mtu anaweza kuandika jina lake vizuri sana, lakini amelikariri kama picha. Utatambuaje? Tuseme jina lake ni Maria. Chukua herufi zile zile za jina lake, andika "mara" na "mia". Akiyasoma, herufi anazijua. Akishindwa, anajua umbo la jina tu, na inafaa aanze na herufi.

Usimjaribu mtu mbele ya wengine. Mwite kando, wakati wenzake wanazungumza au wanaandika. Mpe karatasi yenye mistari mitano: mstari wa kwanza herufi, wa pili neno, wa tatu sentensi fupi, wa nne habari ya sentensi tatu, wa tano stakabadhi ya mauzo. Mwambie asome hadi atakapochoka. Usiseme "atakaposhindwa". Dakika tano zinatosha.

Stakabadhi ile iandike hivi: pamba kilo 143, bei shilingi 1,000 kwa kilo, jumla shilingi 134,000. Kisha nyamaza, umtazame. Je, anagundua kosa? Jumla ya haki ni shilingi 143,000. Tarakimu mbili zimebadilishana mahali tu, na mkulima amepoteza shilingi 9,000. Mtu anaweza kuwa na cheti cha kisomo na asilione kosa hili. Si mjinga. Ni kwamba amekaa muda mrefu bila kusoma, na kusoma kusipotumika hufifia. Kwa hiyo usitazame cheti peke yake. Mtazame mtu mwenyewe, leo.

PILI: AMEFUATA NINI?

Ukiuliza, "Unataka kujifunza nini?" wengi watajibu, "Nataka kujua kusoma na kuandika." Jibu hili ni la adabu, lakini halikusaidii. Uliza hivi: "Mara ya mwisho kumwomba mtu akusomee kitu ilikuwa lini? Kilikuwa kitu gani?"

Hapo utasikia mambo ya kweli. Mmoja atasema ni kadi ya kliniki ya mtoto. Mwingine atasema ni maelezo ya dawa ya kunyunyizia mimea, kwamba aliogopa kukosea kipimo. Mwingine ni ujumbe wa simu kutoka kwa mwanawe aliyeko mjini, nao ulisomwa na jirani, na siku ya pili kijiji kizima kikajua habari za nyumbani kwake. Mwingine ni karatasi ya mkopo aliyowekewa aweke dole gumba.

Mambo hayo ndiyo masomo yako ya mwezi wa kwanza. Mwenye kadi ya kliniki aje na kadi. Mwenye dawa aje na karatasi ya maelezo yake, aiache chupa nyumbani. Lakini siri ya mtu usiitoe darasani. Aliyekuja kwa sababu ya mkopo hapendi wenzake wajue deni lake.

TATU: KINAMZUIA NINI?

Hapa walimu wengi hawatazami, nasi tunataka mtazame sana.

Tuanze na macho. Watu wengi wakifika umri wa miaka 40 na zaidi, macho huanza kushindwa kuona vitu vya karibu. Atamwona ng'ombe ng'ambo ya bonde, lakini herufi za kitabu zinamchezea. Dalili zake ni hizi: anasukuma kitabu mbali naye, anakunja uso, anasoma ubaoni vizuri lakini kitabuni anakwama. Mtu huyu usimwite mzito wa kuelewa. Mshauri aende kituo cha afya apimwe, huenda anahitaji miwani. Kwa sasa mwandikie herufi kubwa, na mkalishe karibu na taa. Mwingine ana shida kinyume chake: kitabu anakiona, ubao hauoni. Huyo akae mbele.

Pili masikio. Asiyesikia vizuri hujibu jambo ambalo hukuuliza, na wenzake wanacheka. Mkalishe karibu nawe, na unaposema mtazame.

Tatu lugha. Wapo wanaozungumza lugha ya nyumbani vizuri, lakini Kiswahili chao ni kidogo. Wakinyamaza, usidhani hawajui. Tena wapo wasiotofautisha sauti za "l" na "r", wakaandika "kula" badala ya "kura". Huyo herufi anaijua. Msaidie kwanza kusikia tofauti ya maneno hayo, ndipo aandike.

Nne wakati. Ukipanga darasa saa kumi jioni, uliza kwanza nani yuko kisimani saa hiyo. Mara nyingi ni akina mama. Akija amechelewa kila siku si mvivu, ni ratiba yetu ndiyo haimfai. Kaeni mpatane saa nyingine.

ANDIKA UNAYOYAONA

Usitegemee kichwa. Katika daftari, kila mwanakisomo mpe mistari mitatu: anajua, amefuata, kinamzuia. Kwa mfano: "Anajua hesabu za kichwani na herufi kumi. Amefuata kusoma ujumbe wa simu. Macho ya karibu ni dhaifu." Mwisho wa wiki ya pili soma daftari lote, upange vikundi. Baada ya mwezi lisome tena, maana watu hubadilika. Daftari hilo lifungie. Si la kusomwa na kila mtu.

Nanyi ndugu wanakisomo, msimngoje mwalimu awakisie. Kama huoni, sema. Kama somo ulilijua zamani, sema. Kama una karatasi inayokusumbua nyumbani, ilete. Na ninyi mliohitimu, ambao mnaombwa kufundisha wenzenu, mnayo faida kubwa: mnakumbuka wenyewe kilichowasumbua siku za kwanza. Anzieni hapo.

Kwa leo tunaishia hapo. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika darasa lenu, nani ameacha kuja? Je, kuna aliyekwenda kumwuliza sababu kwa upole?
2. Ni karatasi gani zinazoingia nyumbani kwenu ambazo mngependa kuzisoma wenyewe?
3. Je, saa ya darasa lenu inawafaa wanawake na wanaume sawasawa?
4. Andika stakabadhi ya mauzo yenye kosa moja. Mpe mwenzako alitafute.