Ndoo Moja Yenye Mfuniko: Kujiandaa kwa Mafuriko

Leo tutazungumza kuhusu ndoo. Naam, ndoo ya kawaida ya lita 20, yenye mfuniko unaofunga vizuri na mkono wa kushikia. Tutaona jinsi ya kuifungasha kabla maji hayajafika mlangoni.

Haya yanawahusu zaidi mnaoishi kando ya mto Tana, kuanzia Garissa na Madogo hadi Hola na Garsen. Yanawahusu watu wa Budalang'i kwenye mto Nzoia, wa tambarare za Kano karibu na mto Nyando, na walio katika mitaa iliyo kando ya mito ya Nairobi kama Mathare. Mvua za masika huja Machi hadi Mei, na za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika masika ya mwaka 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 hapa Kenya, na mwezi wa Mei kipindupindu kikaripotiwa Tana River.

Mama atauliza, ndoo inahusiana vipi na afya? Sikiliza. Maji mara nyingi huja usiku. Familia inatoka salama, kisha mtu anakumbuka kitambulisho, au dawa ya mtoto, naye anarudi ndani. Maji ya magotini yakienda kwa kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kwa hivyo kazi ya kwanza ya ndoo hii ni kuhakikisha hakuna anayerudi.

Kwanza, chagua ndoo safi. Usichukue iliyowahi kuwa na rangi, dawa ya mifugo au dawa ya kunyunyizia mimea, hata ukiiosha mara kumi. Mkifika mahali salama, ndoo hiyo hiyo itamwagwa vitu vyake na kuwa ya maji ya kunywa. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke juani.

Pili, panga vitu kulingana na saa utakayovihitaji. Chini kabisa weka vya kesho na kesho kutwa: leso mbili, shuka nyepesi, nguo moja ya kubadilisha kwa kila mtoto, nepi za kitambaa na sodo. Katikati weka vya siku ya kwanza: kipande cha sabuni, kikombe, kijiko, tembe za kusafisha maji, na pakiti za ORS pamoja na tembe za zinki. Juu kabisa weka vya saa ya kwanza: tochi, dawa za kila siku na karatasi muhimu. Usiku wa giza hutaki kupekua nguo za mtoto ukitafuta tochi.

Tatu, zuia maji yasiingie. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, lakini makopo ya siagi na ya kakao yenye mifuniko tunayo majumbani. Kopo moja liwe la karatasi: kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto kama kinaenea, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, na kadi za kliniki za TB, kisukari au presha. Kijitabu kisipoenea, kizungushie karatasi ya nailoni iliyofunika godoro jipya. Kopo la pili liwe la dawa. Usilete mafuta taa humo ndani hata kwenye chupa ndogo. Yakimwagika, dawa zote zimeharibika, na mtoto anaweza kuyanywa.

Kuhusu dawa, kila moja ikae kwenye chupa au pakiti yake yenye jina. Usichanganye tembe. Anayemeza ARV, dawa za TB, za kifafa au za presha, chupa yake iishi ndani ya ndoo kila siku. Aitoe, ameze, airudishe hapo hapo. Hivyo haitasahaulika. Insulini haivumilii joto, basi iache mahali pake pa baridi. Chukua karatasi, andika "insulini, simu", uibandike juu ya mfuniko, ili uvione unapobeba ndoo. Na dawa za antibiotiki zilizobaki kutoka ugonjwa wa zamani usizifungashe. Hizo si akiba.

Nne, pima uzito. Mfunge mtoto mgongoni, mshike yule mwingine mkono, kisha inua ndoo kwa mkono uliobaki na utembee hadi kwa jirani. Ukishindwa, punguza. Sufuria, vyombo vya kabatini na nguo za sikukuu vitoke. Najua vina gharama, na baadhi ni kumbukumbu. Wakati kungali kavu vipeleke kwa ndugu aliye mlimani. Mguu ukiwa ndani ya maji, viache. Chandarua chenye dawa kifunge juu ya ndoo kwa kamba, kwa sababu maji yakituama mbu huongezeka.

Tano, iweke ndoo karibu na mlango, lakini juu, ikining'inia kwenye boriti au ikiwa juu ya kabati, mahali ambapo watoto hawafiki. Kila mtu mzima nyumbani ajue ilipo, pamoja na baba na nyanya. Kila mwisho wa mwezi ifungue, uangalie tarehe za dawa na betri za tochi.

Mkifika kambini, ichemshe maji au tumia tembe kama pakiti inavyoeleza, funika ndoo, na uchote kwa kikombe chenye mkono mrefu. Mtoto akiharisha mpe ORS mara moja. Soma pakiti kwanza, maana nyingine ni za nusu lita na nyingine za lita moja. Zinki ni ya siku 10 hadi 14 hata kuhara kukikoma. Anayenyonya aendelee kunyonya. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Na wewe mama ambaye kijitabu chako kimechukuliwa na maji, usikae nyumbani kwa haya. Njoo kliniki. Muuguzi ataangalia daftari la chanjo la kituo, na mtoto ataendelea kuchanjwa. Mjamzito aliyekaribia kujifungua naye asingoje mto ufurike. Ahamie mapema upande wenye hospitali.

Basi tukumbuke: ndoo safi, vya saa ya kwanza juu, karatasi na dawa kwenye makopo, uzito unaobebeka kwa mkono mmoja, na ukishatoka usirudi. Kama bado hujafungasha, anza leo jioni na hiyo karatasi na dawa. Vingine vitafuata.

Tahadhari kabla ya hatari.