DARASA NDIYO, BAA HAPANA
Hotuba ya Mwenyekiti katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi

Taarifa ya miaka kumi ameshaisoma Katibu, na mahesabu ameyasoma Mweka Hazina, kwa hiyo mimi sitayarudia. Nimeombwa niseme juu ya jambo moja tu, ambalo limekuwa gumzo katika kila kikao tangu tuliporudi kwenye ile ziara ya shamba la zabibu. Jambo lenyewe ni darasa la kutengeneza piza na kuonja mvinyo. Wapo wenzetu wanaotaka nasi tulianzishe hata kesho asubuhi. Wapo wanaosema kikundi cha akina mama kisiguse kabisa habari ya pombe. Wote nimewasikia. Leo nitaeleza tulichokiona, ili hata ambao hawakwenda wajue tunazungumza nini, kisha nitasema mawazo ya kamati. Uamuzi utabaki kuwa wa mkutano mkuu.

KAZI YA MIKONO

Ndugu wanakikundi, wengi wetu tulidhani piza ni chakula cha matajiri wa mjini. Kumbe sivyo. Piza tunayoijua leo imetoka Naples, kule Italia, na ilikuwa chakula cha watu wa hali ya chini, mkate mwembamba wa kununua barabarani na kula kwa mkono. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889 malkia wao Margherita alipikiwa piza ya nyanya, jibini na majani ya rehani, na mpaka leo piza ya namna hiyo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 2017 shirika la UNESCO liliuingiza ustadi wa wapika piza wa Naples katika orodha ya urithi wa binadamu. Yaani chakula cha wanyonge kimeheshimiwa dunia nzima kwa sababu wenyewe hawakukionea haya.

Sasa kazi yenyewe. Kilo 1 ya unga wa ngano inakwenda na maji mililita 600, chumvi gramu 25 na hamira kidogo sana, ncha ya kijiko cha chai. Unakanda mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio. Hapo wapika chapati wote tulikuwa nyumbani. Tofauti ni kwamba donge la piza halina haraka. Linafunikwa na kuachwa saa nane au zaidi liumuke lenyewe, na katika joto letu la Dodoma lazima ulichungulie, maana huku hamira inakimbia. Kilo hiyo moja inatoa piza sita.

Wenzetu walipotafuta kibao na kifimbo cha chapati, mwalimu alicheka akasema leo vipo likizo. Piza ya Naples inatandazwa kwa vidole, kutoka katikati kwenda nje, na ukingo unaachwa uwe mnene. Ukipitisha kifimbo unatoa hewa yote iliyojengwa na hamira. Mama zetu wawili waliogoma kuacha kifimbo walitoa kitu kizuri sana, lakini ilikuwa chapati yenye nyanya! Tulicheka, tukaila, ikaisha.

Juu yake inawekwa nyanya iliyopondwa mbichi, kitunguu saumu kidogo, jibini na rehani. Kisha inaingia kwenye tanuri la udongo. Tanuri lile limejengwa kwa matofali na udongo wa kichuguu, na kuni zake ni matawi makavu yanayokatwa wakati wa kupogoa mizabibu, hivyo hakuna mti uliokatwa kwa ajili ya darasa. Kwa piza ya Naples tanuri hufika nyuzi 430 hadi 480 za Sentigredi, na piza huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Ukigeuka kumsalimia jirani, umeunguza.

KUONJA SI KUNYWA

Baada ya kula tulikaa chini ya mti kwa ajili ya mvinyo. Hapa naomba msikilize vizuri, maana maneno mengi yaliyosemwa mtaani hayakuwa ya kweli.

Kuonja mvinyo kuna hatua zake. Kwanza unautazama rangi kwenye mwanga. Pili unauzungusha ndani ya glasi ili harufu ipande. Tatu unaunusa. Nne unaweka kidogo mdomoni, unausambaza ulimini, unatafuta utamu, uchachu na ule ukakasi unaoshika ufizi kama chai ya rangi iliyokolea. Tano, anayetaka anatema. Kimewekwa chombo maalumu cha kutemea, na kutema hakuna aibu, hata wataalamu hutema.

Tulifundishwa pia kwamba mvinyo mwekundu unachachushwa pamoja na maganda ya zabibu, na rangi na ukakasi hutoka humo. Mvinyo mweupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatengwa, ndipo maji yake yakachachushwa. Wengine tumelima Makutupora nyekundu miaka na miaka, tumechuma, tumebeba ndoo kichwani, na hili hatukuwahi kuambiwa na mtu.

Wenzetu Waislamu, walokole na wengine wasiotumia kilevi walikaa meza ya pili. Walipewa juisi ya zabibu za aina tatu, wakafuata hatua zile zile za kutazama, kunusa na kuonja. Nao walitambua tofauti sawasawa na sisi, hata zaidi. Hakuna aliyelazimishwa, na hakuna aliyechekwa.

HESABU YAKE

Jamani, sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa. Tusipige makofi kabla ya kupiga hesabu.

Tuchukue darasa la wageni 12. Piza 12 zinahitaji unga kilo 2. Mvinyo wa kuonja ni mililita 50 kwa kila aina. Kwa aina tatu, kila mgeni anaonja mililita 150. Chupa ya kawaida ni mililita 750, kwa hiyo chupa moja ya kila aina inatosha watu wote 12 na inabaki. Jumla ni chupa tatu. Chupa moja inahitaji zabibu kilo moja na robo hivi, kwa hiyo chupa tatu ni kama kilo nne.

Kilo nne! Hiyo ni sehemu ya ndoo moja. Anayesema darasa litatuondolea shida ya soko la zabibu, naomba aitazame ndoo hiyo. Huku kwetu mizabibu inazaa mara mbili kwa mwaka, na sote tunaikumbuka misimu ambayo zabibu zimeiva na mnunuzi hayupo. Zabibu haisubiri kama mtama ghalani. Soko lake litatokana na viwanda, na mikataba, na kukausha, na kukamua juisi. Darasa peke yake haliwezi.

Sasa darasa lina faida gani? Faida ni kwamba mgeni halipi bei ya zabibu. Analipia kufundishwa, kukaribishwa, kula alichokitengeneza kwa mkono wake, na kukaa kivulini shambani. Na fedha hiyo inagawanyika. Anapata mwenye nyanya, anapata mwenye maziwa ya kutengenezea jibini, anapata mwenye rehani na vitunguu, anapata mkandaji, anapata anayewasha tanuri. Wengi wetu humu hatuna hata mzabibu mmoja, lakini hizo kazi tunaziweza. Na mgeni akiondoka anabeba chupa, anabeba zabibu kavu, na anakujua kwa sura. Mteja anayekujua kwa sura hurudi.

Wageni nao wapo. Dodoma imekuwa Jiji mwaka 2018, watumishi wa Serikali wamehamia, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inafika hapa kutoka Dar es Salaam. Watu wanakuja kwa mikutano, Jumamosi wanauliza, hapa kwenu kuna nini cha kuona?

WENZETU WALIVYOJIWEKEA MIPAKA

Kule Italia wakulima kukaribisha wageni mashambani ni jambo la siku nyingi. Mwaka 1985 walitungiwa sheria yake, na mwaka 2006 ikatungwa nyingine mpya. Katika sheria hizo kuna jambo lililonigusa sana. Mkulima anaruhusiwa kulaza wageni, kuwalisha, kuwafundisha na kuwaonjesha mvinyo, lakini kilimo lazima kibaki kuwa kazi kubwa kuliko wageni. Na chakula anachowapa, sehemu kubwa itoke shambani kwake na kwa wakulima wa eneo lake. Akiacha jembe akawa mwenye hoteli, basi si huyo tena.

Kwa lugha ya nyumbani kwetu ningesema hivi: shamba ndio ugali, darasa ni mlenda. Mlenda unauteremsha ugali vizuri sana, lakini hakuna anayeshiba mlenda mtupu.

MAONI YA KAMATI

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanakikundi, kamati inapendekeza tujaribu kwa msimu mmoja, kwa masharti haya:

1. Sanduku lisiguswe. Akiba za wanachama na mfuko wa jamii vibaki kwa kazi yake. Mfuko wa jamii ni wa msiba na ugonjwa, hauwezi kujenga tanuri. Wanaotaka darasa wachangie hisa zao za pembeni kwa hiari, na wagawane faida au hasara wao wenyewe.

2. Sheria ifuatwe. Kuuza kileo kunahitaji leseni, na chakula cha kuuza kina taratibu zake za usafi na afya. Tuanze halmashauri kabla ya kuanza kukanda. Mtu wa chini ya miaka 18 atakaribishwa kwenye unga na kwenye juisi, basi.

3. Kipimo kiwe kile kile. Mililita 50, aina tatu, na chakula tumboni kwanza. Hakuna kuongezewa. Anayetaka zaidi anunue chupa iliyofungwa aende nayo kwake, na dereva apewe juisi.

4. Meza ya juisi iwe ya kudumu, yenye heshima sawa na ile nyingine. Na mwanachama ambaye imani yake haimruhusu kushika mvinyo asipangiwe kazi hiyo hata siku moja.

5. Pamoja na piza, mgeni afundishwe pia ugali wa uwele na mlenda wetu wa kukausha. Watu wa Naples wameheshimiwa kwa chakula cha bibi zao. Na sisi tunao bibi.

Najua sharti la tatu ndilo lenye maneno. Kuna aliyeniambia, Mwenyekiti, ukiwaongezea ndipo watakapotoa hela. Ni kweli watatoa. Lakini kikundi hiki kilizaliwa mwaka 2015 na wanawake waliochoka kuona fedha ya ada na ya chakula ikiishia kilabuni. Hayo hamhitaji kuelezwa, mnayajua majumbani mwenu na kwa majirani. Hatuwezi kuanzisha kwa mkono wetu kile tulichokimbia, eti kwa kuwa safari hii mlevi atakuwa amevaa suti. Mwenzake anamsubiri nyumbani naye. Kwa hiyo nasema wazi mbele ya Mgeni Rasmi: darasa ndiyo, baa hapana. Siku kipimo kitakapovunjwa, mimi nitakuwa wa kwanza kuomba tanuri lile liokewe mikate tu.

Na kwa wenzetu wanaopinga kabisa, hamjakosea kuuliza. Kikundi kisicho na mtu wa kuuliza huibiwa mchana. Tunaomba mje mkutano mkuu mseme, mpige kura, na mkishinda tutanyamaza. Funguo za sanduku letu ni tatu kwa sababu hiyo hiyo: hakuna mmoja anayefungua peke yake, hata akiwa Mwenyekiti.

Namalizia kwa kuwashukuru waasisi, walioanza na vijisenti vilivyofungwa kwenye pindo la khanga. Haba na haba imejaza kibaba. Sasa tuangalie tusikimwage.

Mwenyekiti wa Kikundi