KUHAMISHA JAMAA KUTOKA NAIROBI KWENDA NYUMBANI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Katika mkutano uliopita wanachama kadha walisimama wakasema kwamba kodi ya nyumba imewashinda, na kwamba mwaka ukiisha watawapeleka wake na watoto nyumbani. Katibu akauliza kama yuko mtu aliyekwisha kulifanya jambo hilo, atueleze. Tukatazamana sisi watatu wa genge moja la njia ya reli, maana sote watatu tulihamisha jamaa zetu mwezi wa Desemba 2022. Mmoja wetu kwao ni Yala, wa pili Butere, wa tatu Makindu. Basi tumekaa pamoja jioni nne tukaandika maneno haya, na wake zetu wametusahihisha mahali pengi. Ndiyo maana twasema "sisi".

Hatukuja kuwaambia hameni, wala hatukuja kuwaambia msihame. Tumekuja kusema neno moja: kuhamia shamba ni shauri la mume na mke, na hutengenezwa mwaka mzima. Lisiwe amri ya mwenye nyumba aliyebisha mlango tarehe tano.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, na Kisumu 1901. Wazee wetu walioletwa kuifanyia kazi walihesabiwa kama watu wasio na wake. Chumba kilikuwa cha mwanamume peke yake, mshahara ulikuwa wa mwanamume peke yake, na tangu 1920 kipande kilining'inia shingoni mwake. Mke na watoto walikaa nyumbani wakalima, na shamba lile ndilo lililojaza pengo la mshahara. Yaani mama alikuwa akimfanyia kazi mwajiri bila kuandikwa katika kitabu chake.

Wafanya kazi hawakunyamaza. Januari 1947 watu wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waliweka kazi chini. Mwaka 1954 kamati ya serikali, ile ya Bwana Carpenter, ikaandika kwamba karibu nusu ya wafanya kazi wa makampuni mijini walipata mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya maisha, ikashauri mshahara uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Ndugu, tunalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mtu wa leo akimpeleka mkewe shamba kwa kushindwa na kodi, amerudi mahali pale pale ambapo babu yake alikataa kukaa. Mtu anayehama kwa kupenda na mtu anayefukuzwa na kodi hupanda basi moja, lakini safari zao si moja.

Sasa tuje kwa mambo yenyewe.

Jambo la kwanza ni hesabu. Mwenzetu wa Yala alikuwa akilipa kodi Sh. 7,000 kwa mwezi. Alisema, jamaa ikiondoka tutakaa sisi watatu katika chumba kimoja cha Sh. 6,000, kila mtu Sh. 2,000, hivyo nitabakiza Sh. 5,000. Hesabu ilikuwa nzuri sana kwenye karatasi. Lakini kuna fedha ambazo hakuziandika. Mama watoto alikuwa akipika chapati na maharagwe karibu na lango la karakana, na faida yake ilikuwa kama Sh. 300 kwa siku. Siku 26 za kazi ni Sh. 7,800. Kwa hiyo ndugu yetu alibakiza 5,000 na akapoteza 7,800, na nauli ya kwenda kuwaona haijaingia hapo. Mwezi wa pili alikuwa na deni dukani asilolijua limetoka wapi. Mkewe ndiye aliyemwandikia hesabu ile kwa simu, akamwuliza, "Baba Akinyi, zile chapati zangu ulidhani zilikuwa mchezo?"

Wengi wetu tuna kosa hili. Twahesabu matumizi ya mke, hatuhesabu kazi yake. Baadaye walikubaliana, akapewa Sh. 10,000 za kuanzia, akafungua meza yake katika soko la Yala. Faida ni ndogo kuliko ya Nairobi, lakini ni yake, na kuni na mboga hazinunuliwi. Shauri letu ni hili: fedha za kuanzia kazi ya mama zitafutwe kabla ya fedha za lori. Kama hazipo, bado hamjawa tayari.

Jambo la pili ni shamba. Kila mtu husema, "Mimi nina shamba nyumbani." Tunawauliza, cheti cha shamba kina jina la nani? Mwenzetu wa Butere alimpeleka mkewe kwenye eka tatu zilizokuwa bado kwa jina la babu, naye babu alikwisha fariki zamani. Mama alilima nusu eka, akapanda mahindi mwezi wa Machi mvua ilipoanza. Mahindi yalipofika magotini alikuja baba mdogo na kamba, akasema upande ule ni wa mwanawe aliye Eldoret. Mama hakuwa na la kujibu. Yeye ni mgeni pale, mumewe yuko Nairobi anapiga nyundo relini, na wazee wanaojua mpaka wamebaki wawili. Aliruhusiwa kuvuna mara moja tu.

Ndugu, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 yataka mali ya marehemu ipitie kortini kabla ya cheti kuandikwa jina jipya. Kazi huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi wote, na haiishi kwa wiki mbili. Mwenzetu sasa ameianza, lakini ilimpasa kuianza kabla ya kupakia vitanda. Tena tulijue hili sisi wanaume: sheria yasema nyumba ya mume na mke haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ruhusa ya mwenzi. Mwanamke unayempeleka shamba si mlinzi wa shamba lako. Ukifa relini kesho, atakaa wapi? Mtu asiyeweza kulijibu swali hili asiagize lori.

Jambo la tatu ni mvua na maji. Watu wa magharibi hupanda Machi, kwa hiyo kuhama Desemba kwawafaa. Shule hufunguliwa Januari, na ardhi hulimwa kabla ya mvua. Kwa eka moja ya mahindi weka kilo 10 za mbegu na gunia la kilo 50 la mbolea ya kupandia. Lakini Makindu si Butere. Kule mvua ya kutegemewa ni ya vuli, ya Oktoba hadi Desemba. Mwenzetu alifikisha jamaa yake vuli imekwisha, na vuli ile ya 2022 yenyewe ilishindwa, baada ya misimu minne mingine kushindwa. Wakakaa wakinunua unga kama watu wa mjini na maji kwa mtungi wa lita 20. Mama alitembea, akapanga foleni, akarudi jua limekwisha panda. Mwezi wa Agosti 2023 mwenzetu aliirudisha jamaa yake Nairobi.

Tuseme hapa bila kuficha kwamba baadhi yetu tulimcheka. Kazini aliitwa jina la kumdhihaki, eti yeye ni treni ya kwenda na kurudi. Tulikosa. Alikuwa amepima akaona watoto wanakonda, akafanya kazi ya baba. Mtu anayewaacha watoto wapate taabu kwa kuogopa kuchekwa ndiye wa kuonewa haya. Mwenzetu amekubali tulisome jambo hili mbele yenu ili mwingine asiogope kurudi.

Jambo la nne ni afya. Watoto waliozaliwa Nairobi hawakuzoea malaria, kwa kuwa mji uko juu na baridi yake haiufai ugonjwa ule. Ukiwapeleka upande wa ziwa, homa huwakamata kwa nguvu kuliko watoto wa pale. Mtoto mdogo wa mwenzetu wa Yala alishikwa wiki ya tano. Nyanya alisema ni homa ya ugeni, itapita. Mama hakungoja, alimbeba usiku kwa pikipiki hadi hospitali, na daktari akasema ingekuwa kesho asubuhi tungezungumza habari nyingine. Mtoto yu hai na anasoma. Basi vyandarua viende katika mzigo wa kwanza, na homa ipimwe siku ile ile. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019, na mtoto huianza akiwa na miezi sita, kwa hiyo waulizeni wauguzi. Tena hakikisheni mke na watoto wote wameandikishwa katika bima ya SHA kabla ya kuondoka. Mshahara wetu hukatwa 2.75 kwa mia kila mwezi kwa ajili hiyo, na si haki mama afike hospitali aambiwe jina lake halipo.

Jambo la tano ni kukaa na watu. Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wake zetu wawili walizaliwa na kulelewa Nairobi, na jembe lile walipewa siku ya kwanza jioni. Mama mkwe si mtu mbaya, lakini wanawake wawili kwa jiko moja ni vita visivyo na mwisho, na mume aliye mbali hupata simu mbili kila jioni, kila mmoja akisema maneno yake. Mwenzetu wa Yala alijenga kwanza chumba viwili vya mabati na jiko la peke yake, na mkewe alikwenda likizo ya Agosti akakaa wiki mbili kutazama kabla ya kukubali. Wawili wengine hatukufanya hivyo, tukalipa. Kabla hujahama, mke aende aone, na akisema hapana, hapana hiyo isikiwe.

Jambo la mwisho ni baba mwenyewe. Zamani fedha zilipelekwa kwa posta, barua ikachukua wiki. Tangu 2007 fedha huenda kwa simu katika dakika moja, kwa hiyo hatuna udhuru. Sisi tumepatana tarehe: kabla ya tarehe mbili kila mwezi, kabla ya mtu kuingia mahali popote pa kunywa, fedha za nyumbani ziwe zimekwenda. Twakaa chumba kimoja, kila mmoja anamwona mwenzake, na anayechelewa huulizwa. Lakini fedha si baba. Mtoto wa mwenzetu wa Butere alianza kuleta nyumbani alama mbaya, na mwalimu alipouliza, mtoto akasema baba yake ni sauti ya simu. Tangu siku ile mwenzetu huenda kila mwisho wa mwezi wa pili, hata kama ni kwa kusimama.

Ndugu Mwenyekiti, haya ndiyo tuliyoyaona. Sasa twaleta maombi matatu kwa tawi.

Moja. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba inayofaa au fedha za kodi zinazotosha, isipokuwa pale mapatano ya mshahara yamekwisha kuziingiza ndani. Tunaomba kamati, katika mazungumzo ya mapatano yajayo, iweke mezani kodi halisi tunazolipa. Kila mwanachama alete risiti zake kwa karani wa tawi.

Mbili. Sheria hiyo hiyo yatupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Tunaomba wenye jamaa mbali waruhusiwe kuigawa, sehemu wakati wa kupanda na sehemu shule zikifungwa, badala ya kupewa wakati nyapara anaoupenda.

Tatu. Mwanachama anayetaka kuhamisha jamaa asikae na shauri lake peke yake. Aje kwetu, aje na mkewe. Tutakaa naye, tutamwuliza maswali haya sita, na kama majibu yapo tutamsaidia kupakia.

Mwaka huu wawili wetu tuna jamaa nyumbani, na mmoja ana jamaa hapa. Sote watatu twalipa kodi, na sote watatu twataka mshahara unaomwacha mtu achague. Chama kilianzishwa kwa ajili ya hilo.

Wenye maswali wasimame, na akina mama wawe wa kwanza.