Askari Waliouawa Kilelengwani



Jumatatu, tarehe 10 Septemba, 2012, kundi kubwa la watu wenye silaha lilikivamia kijiji cha Kilelengwani, katika bonde la Tana ya chini. Askari polisi walikuwa wamewekwa kijijini ili wawalinde raia, lakini wavamizi hawakujali sare wala bunduki zao. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya kilihesabu maiti 38: wanaume 16, wanawake 5, watoto 8, na askari polisi 9. Nyumba nyingi ziliteketezwa kwa moto.

Mtu asikiapo kwamba askari wameuawa mpakani, hudhani ni mpaka wa nchi na nchi, kama ule wa Somalia. Mpaka uliolindwa Kilelengwani haumo katika ramani. Ni mpaka wa shamba na malisho.

Mto Tana hupita katika nyika kavu. Kando ya maji Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe. Waorma hulisha ng'ombe nyikani wakati wa mvua, na kiangazi kikizidi huwarudisha mtoni. Njia ya kuwapitisha hata majini huitwa malka. Shamba likiziba malka, ng'ombe hukanyaga mazao. Hapo mkulima huogopa njaa, na mfugaji huogopa kiu. Hofu zote mbili ni za kweli, na ndiyo sababu wazee wa zamani walipatana juu ya njia hizo.

Mapatano yalipolegea, damu ilimwagika miaka ya 2000 na 2001. Tarehe 22 Agosti, 2012, watu zaidi ya 50 waliuawa Riketa, kijiji cha Waorma. Tarehe 7 Septemba Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo, kilishambuliwa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Kilelengwani.

Siku hiyo hiyo Rais Mwai Kibaki alitoa amri ya kuwakataza watu kutembea usiku, na askari wengi wakapelekwa. Hata hivyo, tarehe 21 Desemba kijiji cha Kipao nacho kilivamiwa, na watu wengi wakauawa.

Yafaa kulitafakari jambo hilo. Askari ni lazima wawepo, maana raia asiye na ulinzi hujitafutia silaha. Lakini wale waliokufa Kilelengwani hawakugombea shamba wala kisima. Walisimamishwa mahali palipopaswa kusimama mapatano, na bunduki haiwezi kuamua ng'ombe wapite wapi.

Kazi hiyo ni ya wazee wa pande zote mbili pamoja na Serikali: kuzipima malka, kuziweka alama zinazoonekana, na kupatana juu ya fidia ya mazao yaliyokanyagwa. Nayo hufanywa mvua zikingali zinanyesha, kabla ng'ombe mwenye kiu hajafika penye ua wa shamba.