Kuchagua Kishikizo cha Kamera kwa Stendi ya Miguu Mitatu



Mpiga picha anayejiandaa kwa msimu wa harusi huweza kutafakari kwa miezi kabla ya kununua kamera, na kwa majuma kabla ya kununua lenzi. Kishikizo kinachoiunganisha kamera hiyo na stendi ya miguu mitatu hununuliwa kwa dakika tano, aghalabu kwa kuangalia bei peke yake. Hata hivyo, kishikizo hicho ndicho kinachobeba thamani ya vyote viwili. Kikiteleza, kamera iliyopatikana kwa mkopo huanguka sakafuni, na bibi harusi hawezi kuombwa aingie ukumbini mara ya pili.

Kwa hiyo shauri letu ni moja. Kishikizo kichaguliwe kwa namna kinavyolingana na kamera iliyo juu yake na stendi iliyo chini yake, na ulinganifu huo uthibitishwe dukani kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tuanze na upande wa juu. Chini ya kamera pana tundu lenye hesi. Kwa kamera nyingi, skrubu ya tundu hilo ina kipenyo cha inchi 1/4, yaani milimita 6.35, na hesi 20 kwa kila inchi. Vifaa vizito zaidi hutumia skrubu ya inchi 3/8 yenye hesi 16 kwa kila inchi. Vipimo hivi vimo katika kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 1222, na ndiyo sababu kamera iliyotengenezwa Japani hukaa vyema juu ya stendi iliyotengenezwa China.

Hatari huja pale skrubu ya asili inapopotea. Mtu huenda duka la vifaa vya ujenzi akachukua bolti ya milimita 6, kwa kuwa kwa macho zinafanana. Lakini hesi za bolti ya kawaida ya milimita 6 zimeachana kwa milimita 1, ilhali zile za kamera zimeachana kwa milimita 1.27. Bolti hiyo itaingia kwa kulegea, kisha itakula hesi za kamera. Tundu likishaharibika, gharama ya kulitengeneza huizidi mbali bei ya skrubu sahihi.

Urefu wa skrubu nao ni jambo la kuangalia. Miongozo ya kamera kadhaa za Sony, kwa mfano, huonya kwamba skrubu ya stendi isifikie urefu wa milimita 5.5. Skrubu ndefu mno hugota mwisho wa tundu kabla ya kulibana bamba. Ukiona skrubu imefika mwisho na bamba bado linacheza, usiendelee kukaza, badilisha skrubu.

Sasa tutazame upande wa chini, ambako walaji wengi hupoteza fedha. Huku hakuna umbo moja linalofuatwa na watengenezaji wote. Mfumo ulioenea sana ni ule wa Arca-Swiss, ambao bamba lake lina kingo zilizokatwa mshazari na upana wa takriban milimita 38. Kampuni nyingi zimeuiga, lakini vipimo vyao hutofautiana kidogo. Kibano kinachokazwa kwa skrubu huweza kuzivumilia tofauti hizo. Kibano kinachofungwa kwa wenzo, hasa kisichoweza kurekebishwa, huweza kulikataa bamba la kampuni nyingine, au kulipokea huku likicheza. Manfrotto nayo ina mfumo wake uitwao RC2, na bamba lake la kawaida haliingii katika kibano cha Arca-Swiss.

Ndiyo maana maneno “inafaa kamera zote” yaliyochapishwa kwenye boksi yasomwe kwa uangalifu. Mara nyingi ni ya kweli kuhusu skrubu ya juu, lakini hayasemi lolote kuhusu kibano cha chini.

Baada ya ulinganifu huja suala la kazi. Kwa picha za kawaida, bamba bapa linatosha. Kwa mtu apigaye picha nyingi za wima, bamba bapa humlazimu kuilaza kamera ubavuni; uzito huhama kutoka katikati ya miguu, na kamera hutaka kujizungusha juu ya skrubu yake. Kishikizo cha umbo la L huondoa tatizo hilo, kwani kamera hugeuzwa wima huku ikibaki juu ya kitovu cha stendi. Hakikisha kwamba hakizibi mlango wa betri, wa kadi ya kumbukumbu, wala matundu ya nyaya. Kishikizo kilichotengenezwa kwa ajili ya modeli moja huweza kuizibia nyingine.

Lenzi ndefu na nzito yenye mguu wake ifungwe stendini kwa mguu huo, wala si kwa tundu la kamera. Kwa njia hiyo mzigo hukaa karibu na kitovu, na pale kamera inapoungana na lenzi hapaelemewi.

Kuhusu uzito, jumlisheni kila kitu. Kamera ya gramu 700, lenzi ya gramu 900, pamoja na maikrofoni na taa za gramu 400, hufanya kilo 2. Msichague kishikizo ambacho mwisho wa uwezo wake ni kilo 2 hizo hizo. Acheni nafasi ya kutosha, kwa sababu mzigo ulioinama huvuta kwa nguvu zaidi kuliko mzigo uliotulia.

Mnapokwenda dukani, iwe Kariakoo au kwingineko, nendeni na kamera pamoja na kichwa cha stendi. Fungeni bamba, kisha jaribuni kuizungusha kamera kwa mkono. Isigeuke juu ya bamba. Ingizeni bamba katika kibano, mkaze, kisha mtikise taratibu. Iinamisheni kamera ubavuni, mkono mmoja ukiwa chini yake. Fungueni mlango wa betri. Mwisho, tazameni kama chini ya bamba pana vizuizi vidogo vinavyolizuia kuteleza na kutoka pale kibano kinapolegea. Jaribio hili halichukui hata dakika kumi, na muuzaji mwaminifu hatalikataa.

Kisheria pia, mlaji anayesema kazi yake ana nguvu kuliko anayenyamaza. Sheria ya Tanzania ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoikusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa ambayo muuzaji huyo huiuza katika biashara yake inapaswa kuifaa kazi hiyo kwa kiasi cha kuridhisha. Anayeagiza kwa kutaja jina la biashara la bidhaa peke yake huweza kuipoteza kinga hiyo. Basi semeni wazi: “Nahitaji bamba la kamera hii, kwa kichwa hiki, kwa mzigo wa kilo 2.” Daini risiti, na ombeni modeli iandikwe juu yake. Pasipo maelewano, Tume ya Ushindani, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, hupokea malalamiko ya walaji. Naye aliye na risiti husikilizwa kwa urahisi zaidi.

Neno la mwisho ni kwa ndugu zetu wa pwani. Mchanga na hewa ya chumvi hula skrubu na hukwamisha vibano. Baada ya kazi ya ufukweni, futeni kishikizo kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, mkikaushe, na mkague skrubu kabla ya kazi inayofuata. Skrubu iliyoshika kutu au iliyolika hesi ibadilishwe mara moja, hata kama bado inakaza.