Ardhi Isiyokaliwa na Watu: Marejeo ya Wakimbizi na Hatima ya Mbuga za Rwanda



Vita vinapokoma, shauri la kwanza kufika barazani aghalabu ni la shamba: aliyekimbia amerudi kudai milki yake, na aliyebaki amekwisha kulima, kujenga na kuzika wafu wake papo hapo. Jioni hii nimechagua kueleza jinsi jirani zetu wa Rwanda walivyolikabili shauri hilo, kwa kuwa maafikiano yao yaliandikwa kwetu, Arusha, na athari zake tungali tunaziona katika maji ya Mto Kagera.

Waliokimbia nchi ile tangu mwaka 1959 walikuwa wamepata watoto na wajukuu ugenini, Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania. Itifaki ya kuwarejesha, iliyotiwa saini tarehe 9 Juni 1993, ilipendekeza kwamba aliyekaa uhamishoni zaidi ya miaka 10 asidai mali iliyokwisha kukaliwa na mwingine, bali Serikali impe ardhi mahali pengine na kumsaidia kuanza maisha upya. Naihesabu kauli hiyo kuwa ya insafu, maana kumng'oa mkulima ili kumrudisha mjukuu wa mkulima kungalikuwa kuwasha moto mwingine. Ila itifaki hiyo hiyo iliagiza kwamba ardhi ya kugawiwa iwe isiyokaliwa na watu. Na katika nchi iliyolimwa hadi vileleni mwa vilima, ardhi ya namna hiyo ilikuwa wapi, kama si katika misitu na mbuga?

Basi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, mamia ya maelfu ya watu walirejea, wengi wakiswaga ng'ombe wao wenye pembe ndefu, wakaelekea mashariki, katika mbuga ya Akagera iliyotengwa na Wabelgiji mwaka 1934. Mbuga ile ilikuwa na takriban kilomita za mraba 2,500. Mwaka 1997 ikapunguzwa rasmi, ikabakiwa na 1,120 hivi, na sehemu kubwa ya ardhi iliyokatwa wakagawiwa waliorejea. Wapo wahifadhi wanaolitaja tendo hilo kama dhuluma tupu, nami siafikiani nao: mbuga yenyewe ilichorwa na wakoloni pasipo ridhaa ya wachungaji, na mtu aliyezaliwa kambini hawezi kuambiwa asubiri mpaka twiga aridhike.

Hata hivyo gharama ilikuwako, na ililipwa kimya kimya. Mfugaji aliyeamka na kumkuta mtamba wake ameraruliwa alitia sumu katika mzoga, na simba aliyerudia shibe yake hakufika mbali. Katika miaka michache simba wa Akagera wakatoweka kabisa, hata ikalazimu mwaka 2015 waletwe saba kutoka Afrika Kusini. Miaka miwili kabla yake ulikuwa umejengwa uzio wa umeme wa kilomita 120 hivi. Nausifu uzio huo kwa kiasi: humzuia nyati asile mahindi ya watu, lakini hauzai malisho kwa kijana wa mfugaji atakayeoa kesho. Afadhali ile ada ya asilimia 10 ya mapato ya utalii wanayotengewa wanavijiji wa kando.

Gishwati, huko magharibi, mambo yalikuwa mazito zaidi. Msitu huo, uliokuwa na kilomita za mraba zipatazo 280 katika miaka ya 1970, ulikwisha kuliwa na miradi ya mifugo na misonobari kabla ya vita. Wakimbizi wa ndani na waliorudi kutoka Masisi, huko Kongo, wakaukuta umedhoofika, wakaumalizia, hata mwanzoni mwa karne hii zikabaki kilomita za mraba kama sita tu. Katika miteremko ile mikali mizizi ndiyo iliyoushika udongo, na mizizi ilipokwisha mvua ikaukokota pamoja na viazi hadi bondeni. Mafuriko ya 2007 yaliua watu, na baadhi ya waliopewa makazi kule wakahamishwa tena, yaani haki waliyorudishiwa baada ya uhamisho wa muda mrefu ikatwaliwa na mvua. Sheria ya 2015 ikafanya mabaki ya msitu, pamoja na msitu wa Mukura, kuwa hifadhi ya taifa.

Kosa, kwa maoni yangu, halikuwa kuwapa watu ardhi, bali kuigawa kwa kuangalia ni nani hayupo juu yake, pasipo kuuliza inafanya kazi gani kwa walio chini yake. Mteremko usio na nyumba hata moja huenda ndio unaowanywesha wakazi wa wilaya tatu.

Nanyi wanafunzi wa sheria mliomo ukumbini, ambao baadhi yenu mtaitwa kuandika mikataba ya Kongo na Sudan, nawaombeni jambo moja: kabla ya kifungu cha marejesho hakijatiwa saini, mwiteni mezani mpima ardhi na mjuzi wa maji, na ramani ya mito iambatishwe kwenye mkataba ikiwa na nguvu sawa na vifungu vyake.